Picha Mbili za Baba Kenji

Tulimzika Mama Kenji Jumamosi iliyopita, nje kidogo ya mji wa Kajiado, kwenye shamba lake mwenyewe, na baada ya maombi tukaingia ndani kula. Nilikaa kwenye kochi karibu na dirisha, sahani ya pilau na nyama ya mbuzi magotini, na kila aliyeingia sebuleni alifanya jambo lile lile. Aliinua macho ukutani, akasimama kidogo, kisha akauliza ni nani alichora. Mtu mmoja alikuwa akinionyesha kwa kijiko. Wakawa wanakuja kunisalimu, wazee kwa vijana, wakiniambia nina mkono mzuri, kwamba yule farasi karibu atoke ukutani, kwamba Baba Kenji ni yeye kabisa. Nilisema asante. Nilisema asante nyingi siku hiyo na hakuna hata moja iliyotoka moyoni, kwa sababu picha ile siipendi, sikuipenda hata siku niliyoimaliza, na mtu mwingine pekee aliyejua sababu ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia.

Mwaka nilipoichora picha ile, nilikuwa sijafika miaka thelathini, nikiishi Kitengela kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa za mifugo. Niliishi na rafiki yangu Achieng', ambaye alioka keki za harusi kwa jiko la gesi lililochukua nusu ya chumba. Nusu yangu ilikuwa na meza, kompyuta iliyopata moto haraka kuliko jiko lake, na kibao cheusi cha kuchorea chenye kalamu ya plastiki. Unachora kwenye kibao, mstari unatokea kwenye skrini. Chumba kilinukia vanila ndani na dawa ya kupe ikipanda kutoka chini. Mbao za sakafu zilikuwa nyembamba, kwa hivyo kutwa nzima niliwasikia wafugaji wakimweleza muuzaji shida zao: ng'ombe aliyekataa majani, mbuzi wanaohara, jirani aliyeazima bomba la kunyunyizia na sasa anasema hajawahi kuliona. Tulikula githeri ya jana na vipande vya keki vilivyopunguzwa pembeni. Nilijiita mchoraji, lakini kazi iliyokuja zaidi ilikuwa kalenda za makanisa, mabango ya saluni, na majina ya wanakamati wa harusi kwa herufi za maua. Nilikuwa na hasira ya kudumu mwaka ule, hasira ndogo isiyo na mtu wa kumwelekea, ya mtu anayejua anaweza zaidi na haulizwi.

Ndipo Kenji akapanda ngazi zetu. Alikuwa kijana mrefu, macho ya baba yake na mwendo wa wajomba zake wa Kimaasai, akifanya kazi kiwandani huko Athi River. Alikuwa ameona bango langu la siku ya michezo ya watoto, lenye farasi, akauliza mpaka akafika. Alikataa kiti, akaeleza akiwa amesimama. Baba yake, Haruo, alikuwa Mjapani aliyekuja Kajiado kuchimba visima, akaoa hapo, akabaki, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ujanani, kwao Japani, Haruo alikuwa mmoja wa wale wanaopiga mishale wakiwa juu ya farasi anayekimbia. Kenji akasema si vita, ni sherehe ya zamani sana ya kwenye mahekalu, wenyewe wanaiita yabusame. Mama yake alimwona akifanya hivyo mara moja tu, walipoenda kuwasalimu wakwe, na yeye Kenji alikuwa tumboni. Shemeji mtu alipiga picha, lakini mwanga ukaingia kwenye filamu na zote zikaharibika. Sasa familia ilikuwa inapanga maombi ya kumkumbuka, na Kenji alitaka ukutani kuwe na kitu.

"Yeyo anakumbuka kila kitu," aliniambia, akimtaja mama yake kwa Kimaasai. "Wewe chora tu vile atakuambia."

Chora tu. Nimesikia maneno hayo kwa watu wengi tangu wakati ule, na bado hunitoa jasho.

Wiki iliyofuata nilienda Kajiado. Mama Kenji alinipokea mlangoni, mwanamke mnene wa wastani, mwenye shanga shingoni juu ya sweta la buluu, akanisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," nami nikajibu "Iko" kama nilivyofundishwa na wateja wa pale chini, jambo lililomfurahisha. Nyumba ilikuwa ya mawe yenye paa la mabati, na sebuleni upinde wa Haruo ulilala juu ya misumari miwili, mrefu kumpita mwenyewe, mshiko wake ukiwa chini ya katikati kana kwamba aliyeutengeneza alikosea vipimo. Nje, kwenye kibanda, alikuwepo farasi jike mzee aliyebaki, aliyeitwa Sidai, maana yake mzuri. Haruo alimpanda kila Jumapili baada ya kanisa, na watoto wa majirani wakakimbia nyuma yake. Mama Kenji alinipa chakula kabla ya mazungumzo: wali usio na mafuta wala chumvi, ulioshikana, kama mumewe alivyomfundisha kupika, na pembeni mchuzi wa mbuzi kama yeye alivyomfundisha mumewe kula. Aliniambia kwamba miaka yote waligombana juu ya chai. Haruo alitaka maji ya majani matupu, na yeye alisema mgeni hawezi kupewa maji ya rangi katika nyumba yenye ng'ombe.

Juu ya chai aliongea bila kukoma. Juu ya ile siku ya mishale alisema maneno machache tu: farasi alikuja mbio, Haruo akiwa juu na upinde umefunguka, akapiga, ubao ukapasuka, watu wakapiga makofi. Niliuliza alivaa nini, akasema nguo zao. Niliuliza alikaa vipi, uso ulikuwaje. Akarudia hadithi ile ile kwa maneno yale yale, kama mtu anayesoma tangazo. Nilidhani ni huzuni, nikamwacha.

Basi nikaanza. Nilitazama video kwenye mtandao mpaka bando zikaisha, nikajifunza yale aliyoshindwa kuniambia. Mpiga mshale huvaa kofia pana na ngozi ya paa miguuni. Anaachilia hatamu kabisa, anasimama kwenye vikuku, vile vya kukanyagia miguu, makalio yasiguse tandiko, na anageuka kushoto, kwa sababu mbao za shabaha zimepangwa upande wa kushoto wa njia. Mshale wenyewe una kichwa kinene chenye matundu, unalia hewani. Karibu picha zote nzuri nilizoziona zilipigwa kutoka upande wa shabaha, nawe unaona uso wote, jicho, kidole, mshale ukikujia. Nikachora hivyo. Mchoraji gani angeacha uso?

Miguu ya farasi ilinishinda kwa muda mrefu. Nilienda tena Kajiado kumtazama Sidai, lakini Sidai alikuwa amemaliza mbio zake duniani. Alisimama kivulini akinitazama kwa upole, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Kila nilichochora kikimbie kilionekana kinajikwaa. Achieng' alipita nyuma yangu na trei ya keki, akaangalia, akasema, "Wanjeri, huyo farasi ni kama amewekewa miguu ya meza." Nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli, kisha nikafuta kazi ya wiki nzima. Nilipopata miguu, stima ikapotea nikiwa sijahifadhi faili, na iliporudi, tabaka lote la faili nililochorea farasi lilikuwa limeenda, mpanda farasi amebaki akielea hewani na miguu yake wazi. Chini mtu alikuwa akimwuliza muuzaji kama dawa ya minyoo ya kondoo inaweza kutumika kwa mbwa. Niliweka kichwa juu ya kibao nikasikiliza jibu lote.

Mama Kenji naye alikuwa akikataa. Nilimpelekea kompyuta yenyewe, nikaiweka juu ya meza ya kulia, naye alikausha mikono, akavaa miwani, akaangalia kwa heshima. Mara ya kwanza alisema, "Siye." Niliporudi na uso uliobadilishwa, akasema mikono ni yake lakini siye. Niliporudi tena, akasema hakukaa hivyo. Nikamwuliza alikaa aje. "Sijui," akasema. "Lakini si hivyo." Wakati huo huo Kenji alikuwa akinitumia ujumbe kutoka kiwandani. Alitaka uso ufanane na ile picha ya kitambulisho. Kisha akataka nitoe miwani. Kisha akaniomba nimfanye atabasamu kidogo, kwa kuwa watu wa Kajiado walimjua akicheka. Nilimweleza kwamba hakuna anayetabasamu akiwa juu ya farasi anayekimbia bila kushika kitu, akilenga ubao. Akajibu kwamba baba yake angeweza. Nami, kwa kuwa siku ya maombi ilikuwa inakaribia na kalenda za kanisa zilikuwa zimelala mezani bila kuguswa, nilimpa Haruo tabasamu.

Siku ya maombi picha ilitundikwa, imechapishwa kubwa, kwenye fremu ya mbao nyeusi. Mchungaji aliizungumzia. Wajomba walipiga picha wakiwa mbele yake. Kenji alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamelowa, na sikuweza kumkasirikia. Lakini nilimwona mama yake akiitazama muda mfupi tu, kama unavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, kisha akaenda jikoni. Nilimfuata. Alikuwa anaosha mchele, akiuzungusha kwenye sufuria kwa mkono, akimwaga maji meupe na kuweka mengine.

"Mama, hukuipenda," nikamwambia.

"Ni nzuri. Kenji amefurahi."

"Lakini?"

Akamwaga maji tena. "Huyo ananiangalia," akasema. "Siku ile hakuniangalia."

Kazi ilikuwa imeisha. Hakuna aliyenidai kitu. Ningerudi kwa wanakamati wangu wa harusi, na Achieng' alinishauri hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka kuishi na farasi. Lakini sentensi ile ilinikaa kichwani kama kokoto kiatuni. Nilidhani nimeielewa. Nikafungua faili nikageuza macho ya Haruo, yaangalie mbali, kwenye shabaha. Nikaondoa lile tabasamu kwa raha isiyo na kifani. Nikageuza kichwa, nikainamisha kofia. Nilifanya hivyo miezi ya ukame wote, nikiipa picha saa zilizokuwa za wateja wangu, mpaka saluni moja ikanihama na kanisa moja likapata kalenda Februari. Kila nilipompelekea, Mama Kenji alipika wali, akavaa miwani, akaniambia kwa upole kwamba bado.

Siku niliyoshindwa kuvumilia ilikuwa adhuhuri, tumekaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha ukuta, vumbi likizunguka uani na Sidai akipiga mkia. Aliangalia toleo jipya kabisa, akatikisa kichwa. Nilifunga kompyuta kwa kishindo hata mimi nikashtuka. Nilimwambia nimechoka. Nilimwambia nimemchora mume wake mara nyingi kuliko nilivyowahi kumchora mtu wa damu yangu, na kwamba aniambie sasa uso wake ulikuwa aje siku ile, ama tuache, na nisije tena kumlia wali wake bure. Sikuwahi kuongea na mtu wa rika la mama yangu kwa namna ile. Nilingojea anifukuze.

Alivua miwani akaifuta na ncha ya kanga, taratibu, lenzi moja kisha ya pili.

"Uso sikuuona," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Kenji tangu akiwa mtoto ananiuliza, baba alikuwa aje akipiga mshale? Macho yake yalikuwa aje? Nilikuwa nimeenda mbali hivyo, kwa ndege, niko na mimba, alafu nikuje kumwambia mtoto sikuuona uso wa baba yake? Nikamwambia alikuwa mkali kama simba. Nimesema hivyo miaka yote. Sasa wewe unakuja na hiyo uso kila wiki, na mimi naangalia, na haiko. Haiko kwa sababu haikuwa."

Hasira yote iliyonijaa iliondoka, ikaacha nafasi tupu, na katika nafasi ile likaja swali ambalo ningalipaswa kumwuliza siku ya kwanza kabisa, kabla ya kofia na ngozi za paa. Nilimwuliza alikuwa amekaa wapi.

Akaeleza, na safari hii hakusoma tangazo. Kwa sababu ya mimba walimtafutia kiti, wakamweka pamoja na bibi wa ukoo, upande ambao hauna shabaha, kwa kuwa kuna kivuli. Mbele yake walikaa wazee wawili wenye miavuli. Alisikia kwato kabla hajaona kitu, ardhi ikitetemeka chini ya kiti, na mtoto tumboni akageuka. Kisha farasi akatokea na Haruo alikuwa tayari amegeukia upande ule mwingine, kwenye mbao. Alipofika hapo, Mama Kenji aliinuka, akaenda ndani. Nilimsikia akiburuta kitu sebuleni. Akarudi na upinde mkononi. Aliniweka kwenye kigoda cha jikoni, karibu na kamba ya nguo, na kwenye kamba akatundika shuka mbili ziwe ndio ile miavuli. Akaniambia nisigeuze kichwa. Akaenda hadi kwenye kibanda cha Sidai, akanipa muda, kisha akaja.

Alikuja kwa haraka, viatu vyake vya tairi vikipiga udongo, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, shanga zikirukaruka, na alipokaribia akaupandisha upinde juu ya kichwa na kunigeuzia mgongo. Kati ya shuka ile na ile niliona kisigino, kiwiko kimerudishwa nyuma mpaka karibu na sikio, shingo, ncha ya upinde juu. Halafu shuka tu. Nikasikia viatu vikienda mbele hadi ukutani.

Akarudi akihema, akicheka kidogo kwa aibu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi ni hiyo," akasema, akaketi chini akishika kifua. "Niliona mgongo wa bwana yangu, nikajua ni yeye kwa ile shingo. Alafu akaenda."

Picha ya pili haikunisumbua kama ya kwanza. Ilikuwa ngumu, lakini ugumu wake ulikuwa wa kawaida, wa kutafuta rangi na kurekebisha mistari. Miavuli miwili ilijaza sehemu kubwa ya mbele, giza, karibu kukera. Kati yake, farasi tayari amepita nusu, kichwa chake kimefichwa, mkia na mapaja yakibaki. Na juu yake mgongo, kiwiko, na ile shingo, ambayo niliitafuta kwenye kila picha ya kawaida ya Haruo familia iliyokuwa nayo, akiwa amemwinamia ng'ombe, akiwa anaosha mikono bombani. Mshale hauonekani. Achieng' aliitazama akiwa na unga mikononi, hakusema chochote kuhusu meza, akauliza tu, "Ni nani amekaa hapo nyuma ya miavuli?" Nilitaka kumkumbatia na unga wake.

Kenji nilimwonyesha kwanza, kwa heshima, kwa kuwa ndiye aliyenipa kazi. Alinipata Kitengela akitoka zamu, akainama juu ya skrini, akaitazama. Sikumweleza yale aliyoniambia mama yake. Hayo hayakuwa yangu kuyasema. Mwishowe akauliza mtu atajua aje kwamba huyu ni baba. Nikamwambia mama atajua. Akatikisa kichwa polepole, si kwa ubaya. Alisema ni kazi safi, lakini ukutani ile ingine itabaki, watu wameshaizoea, na mgongo wa mtu hauwezi kutundikwa sebuleni wageni waanze kuuliza. Alipoondoka nilipiga meza ngumi mpaka kalamu ikaanguka. Kazi bora niliyowahi kufanya, na aliyeiagiza alikuwa ameniachia mikononi kama mwavuli alioazima.

Nilimpelekea Mama Kenji asubuhi, kabla jua halijapanda. Alikuwa jikoni peke yake, maji ya chai yakiwa motoni. Niliweka kompyuta kando ya sufuria, nikaifungua. Hakuvaa miwani. Mkono wake ulienda tumboni, akaushikilia hapo, na akabaki hivyo mpaka maji yakaanza kumwagika motoni nikayapunguza mimi.

"Ni yeye," akasema.

Nilimwambia nitaichapisha, nitamletea fremu, aiweke chumbani kwake kama sebuleni haitakiwi. Nilisema haraka haraka, nikiwa tayari naiona imetundikwa mahali, popote, hata juu ya kitanda cha mjane ambapo hakuna mgeni angeingia. Alikataa. Alisema ikikaa ukutani ataizoea, atapita hapo na ndoo asiione, kama anavyoipita ile nyingine. Nikabisha. Nilimwambia niliifanyia kazi miezi, kwamba haiwezekani ikae tu ndani ya mashine. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akiwa bado anatazama skrini.

"Funga," akasema.

Nikafunga. Jikoni pakawa na harufu ya moshi na majani ya chai. Alingojea kidogo, ameangalia kifuniko cheusi cha kompyuta.

"Sasa fungua."

Nikafungua, akamwona akipita, akavuta pumzi.

"Funga tena," akasema, na mimi, na hasira yangu yote, nikafunga.